Kliniki ya Kichina na Swali Ambalo Hospitali Haikuniuliza

Kwetu mtu mzima hupewa jina jipya na mtoto wake wa kwanza. Mwanamke aliyekuwa Rehema hadi siku ya kujifungua, wiki inayofuata ni Mama Juma, na mumewe, apende asipende, ni Baba Juma hadi kaburini. Wasiojaliwa mtoto hubaki na majina waliyopewa na wazazi wao, na kadiri miaka inavyopita majina hayo huzidi kusikika kama shutuma. Kiswahili kina neno tasa, ambalo kamusi humpa mwanamke na mnyama jike peke yao. Neno mgumba linaweza kumhusu yeyote, lakini mtaani nalo huishia mlangoni kwa mwanamke.

Mimi na mke wangu ni miongoni mwa waliobaki na majina yao. Tulioana mwaka 2011, na kati ya mwaka 2015 na 2017 tulitumia dawa za Kichina tukitafuta mtoto. Hapa nimezoea kuandika habari za katiba, bajeti na vyuo vyetu, na najua wapo watakaosema kwamba mambo ya chumbani hayana siasa. Nadhani yanayo, tena nyingi. Mke wangu ameyasoma haya yote kabla yenu, amefuta aya mbili, na zilizobaki ameziruhusu.

Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupatwa na ugumba wakati fulani katika maisha yake, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha chini na cha kati ni ndogo: asilimia 17.8 kwa zile, asilimia 16.5 kwa hizi. Ugumba, kwa maana ya shirika hilo, ni kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Katika mijadala yetu ya idadi ya watu, sura ya mtu huyu haionekani kwa urahisi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, na tarakimu hiyo imetuzoesha kuuona uzazi kama mto unaofurika. Mwenye kisima kikavu katikati ya mafuriko, nani atamsikia akiomba maji?

Tulianzia hospitali ya serikali, hapa Dar es Salaam. Faili lilifunguliwa kwa jina la mke wangu. Jina langu liliandikwa mara moja tu, kwenye nafasi ya ndugu wa karibu. Yeye aliitwa ndani. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na waume wengine watatu, kila mmoja akiitazama simu yake kwa bidii isiyo ya kawaida. Kwa miezi 14 mke wangu alipimwa damu, alipigwa ultrasaundi mara nne, na alifanyiwa ile eksirei ya mirija ya uzazi ambayo dawa huingizwa kwenye kizazi ili ionekane kama njia ziko wazi. Ni kipimo chenye maumivu. Alitoka akitembea kwa kuinama. Mirija ilikuwa wazi. Homoni zilikuwa sawa. Akaambiwa apunguze mawazo, ajaribu tena. Niliuliza kama na mimi nipimwe. Muuguzi alinijibu kwa upole kabisa: “Baba, subiri kwanza tumalize na mama.” Hawakumaliza na mama.

Siwashutumu watu wale. Daktari aliyetuona alikuwa na foleni iliyofika mlango wa nje, na kila mgonjwa alikuwa na dakika zake chache. Ninachokishutumu ni utaratibu ambao umejengwa kuanzia kwa mwanamke mwenye mimba, ukapanuliwa kidogo kumhudumia mwanamke asiyetaka mimba, na ukaishia hapo. Huko nyumbani mambo yalifuata mkondo uleule. Dada zangu, yaani mawifi zake, walileta mizizi kutoka Morogoro na maombi kutoka kanisani, vyote kwa ajili yake. Hakuna aliyeniletea mimi hata limau.

Namba ya simu ya kliniki ya Kichina tulipewa na mwenzangu wa idara. Yeye na mkewe walikuwa wamengoja miaka minne. Mwezi wa nne wa dawa za Kichina mkewe alishika mimba, na binti yao sasa yuko shuleni. Kliniki ilikuwa juu ya duka la vitenge, vyumba viwili, harufu ya majani makavu ikikupokea kwenye ngazi. Daktari alikuwa mzee aliyepita miaka 60, Kiswahili chake kikiwa cha salamu tu, na mkalimani wake alikuwa binti wa Kitanzania aliyevaa koti jeupe. Mbele ya meza kulikuwa na viti viwili, na hatukuruhusiwa kuacha kimoja kitupu.

Alitukagua sote wawili kwa zaidi ya dakika 50. Aliweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akisikiliza kama mtu anayesubiri habari. Alitazama ndimi zetu. Alimuuliza mke wangu rangi ya damu ya hedhi, kama ina mabonge, kama tumbo huuma kabla au wakati wa siku zake, kama miguu yake huwa baridi usiku. Mimi niliulizwa habari za mgongo, magoti, usingizi, masikio kuvuma, na mambo mengine ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu mwenye koti jeupe. Kisha mkalimani akatuambia: “Daktari anasema figo zenu zimechoka. Hasa za baba.”

Mke wangu alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Katika ukoo wetu neno figo lina maana moja: kusafishwa damu, harambee, na hatimaye msiba. Ilichukua robo saa kuelewana. Figo inayotajwa katika tiba ya Kichina ni zaidi ya kile kiungo kinachochuja mkojo. Ni ghala la asili ya uhai, wanayoiita jing, ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo ndiyo chemchemi ya kukua, kuzaa na kuzeeka. Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba hiyo kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, hupiga hesabu ya mwanamke kwa saba saba na ya mwanamume kwa nane nane. Saba mbili, miaka 14, hedhi huanza na binti aweza kuzaa. Saba saba, miaka 49, njia hufungwa. Kwa mwanamume nane mbili ni miaka 16, na nane nane ni 64. Mtu anaweza kuiona hesabu hii kuwa ya kishairi kuliko ya kitabibu, na mimi huiona hivyo. Lakini nilitambua jambo moja nilipokuwa nimekaa pale: katika hesabu ile mwanamume naye ana daftari lake. Naye anaweza kupungukiwa.

Kabla ya kutupa dawa yoyote, mzee yule aliandika karatasi: niende maabara nikapime mbegu. Ndiyo, mganga wa mizizi na sindano ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kwanza kunitaka nipimwe, baada ya mke wangu kupita mikononi mwa hospitali kwa mwaka mmoja na ushei. Majibu yalitoka siku iliyofuata. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani wakati huo kilikuwa mbegu milioni 15 kwa mililita moja. Mimi nilikuwa na milioni 6. Niliisoma karatasi ile ndani ya daladala, nikaikunja mara nne.

Nilimwonyesha mke wangu jioni. Hakulia, hakunilaumu. Aliuliza tu kama angeweza kuipiga picha na kuituma kwa mawifi zake. Niliwapigia mwenyewe.

Dawa zilikuwa za aina mbili. Yake ilikuwa mifuko ya mizizi na magome ya kuchemsha, ndani yake dang gui, mzizi wenye harufu ya karafuu na udongo, na vipande vya ejiao, gundi ya kahawia inayong’aa kama sabuni ya mche. Yangu ilikuwa vidonge vidogo vyeusi vya mviringo, fomula ya zamani iitwayo Wuzi Yanzong, iliyotengenezwa kwa mbegu na matunda ya mimea mitano. Mkalimani alitueleza kwamba neno zi katika Kichina ni mbegu na pia ni mtoto. Sisi ambao kwa neno mbegu tunataja mahindi na manii kwa pumzi moja hatukuhitaji maelezo marefu. Gharama kwa mwezi ilikaribia theluthi moja ya mshahara wangu. Maandishi kwenye mifuko yalikuwa ya Kichina matupu.

Msomaji ataniuliza mhadhiri mzima alikubalije kunywa kitu asichoweza kukisoma. Jibu liko katika historia yetu zaidi kuliko katika ujinga wangu. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968 kutoka jimbo la Shandong. Walikwenda hospitali za mikoa ambazo wenzetu waliosomea Ulaya hawakuzitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa, zikaja kliniki binafsi, zikarithi heshima ambayo hazikuitolea jasho. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu alizichunguza kliniki hizo hapa Tanzania na akabaini kwamba wagonjwa walizipenda kwa kuamini dawa ya Kichina hufanya kazi haraka, wakati huko Ulaya dawa hizohizo husifiwa kwa upole na taratibu zake. Sisi tuliweka ndani ya mfuko ule tulichokuwa tukikikosa.

Kisha kuna dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliifanya tiba ya kwanza mwaka 2006. Asili yake ni mmea wa Kichina, na Tu Youyou, aliyeongoza ugunduzi wa artemisinini, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, mwaka uleule tulioanza kunywa. Kliniki yetu ilikuwa imebandika picha yake ukutani. Lakini historia ya Tu Youyou ni kinyume cha kile ambacho picha ile ilitaka tuamini. Ni kweli alipata fununu katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, kilichoelekeza mmea ulowekwe na kukamuliwa bila kuchemshwa. Baada ya hapo aliijaribu kwa panya na nyani, akainywa yeye mwenyewe, ikapimwa kwa wagonjwa, na kilichoshindwa kikatupwa. Kitabu cha kale kilimpa swali. Jibu alilitafuta maabara.

Je, dawa za Kichina za uzazi zimepita njia hiyo? Sindano za Kichina, yaani akupancha, zimejaribiwa kwa uaminifu. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya wanawake 160 waliopandikizwa mimba: waliochomwa sindano walishika mimba kwa asilimia 42.5, wasiochomwa asilimia 26.3. Kliniki za dunia nzima zikaichukua habari hiyo. Mwaka 2018 ukaja utafiti mkubwa zaidi kutoka Australia na New Zealand, wanawake 848, safari hii nusu yao wakichomwa sindano za kuigiza ili imani isiamue matokeo. Waliojifungua walikuwa asilimia 18.3 kwa sindano za kweli na 17.8 kwa za kuigiza. Na mwaka 2017 Wachina wenyewe walichapisha utafiti wa wanawake 1,000 ambao mayai yao hayapevuki vizuri kwa sababu ya ovari zenye vifuko vingi. Waliopewa klomifeni, kidonge cha kawaida cha kupevusha yai, walijifungua kwa asilimia 28.7; waliopewa kidonge kitupu, asilimia 15.4. Sindano hazikuongeza kitu, ziwe za kweli au za kuigiza.

Mizizi na vidonge havijapimwa kwa uzito huo. Zipo tafiti nyingi zinazovisifu, lakini nyingi ni ndogo, hazikuwaficha wagonjwa nani anapata nini, na mara nyingi kila mgonjwa alipewa mchanganyiko wake. Hapo ndipo kila mtu hurudi kwenye ushuhuda. Kliniki ile ilikuwa na ukuta mwingine, wa picha za watoto, zaidi ya arobaini, na ya binti wa mwenzangu ilikuwamo. Mke wangu aliutazama ukuta ule kwa mwaka mzima kabla ya kusema lililokuwa moyoni mwake: “Na sisi tutabandikwa wapi?” Kwa miaka miwili tulikaa kwenye viti vilevile, tukanywa mizizi ileile, na hakuna msumari uliopigwa kwa ajili yetu. Wapo wanandoa wanaopata mtoto mwaka wa pili au wa tatu bila kutumia chochote. Mwenzangu anaamini aliokolewa na dawa, na sina haja ya kumnyang’anya imani hiyo. Ninachokataa ni kuifanya sera.

Kipimo changu cha pili, miezi sita baadaye, kilisoma milioni 9. Mzee alifurahi. Lakini idadi ya mbegu kwa mwanamume mmoja hupanda na kushuka yenyewe, na mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, kwa hiyo karatasi mbili hazithibitishi neno. Mwaka 2018 daktari wa njia ya mkojo alinikuta na mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, moja ya kasoro zinazopatikana mara nyingi kwa wanaume wenye ugumba, na ambayo hutibika kwa upasuaji mdogo. Nilifanyiwa. Wakati huo mke wangu alikuwa na miaka 38. Tangu siku faili lile lilipofunguliwa kwa jina lake ilikuwa imepita miaka mitano, na katika uzazi wa mwanamke miaka mitano baada ya 33 ni mali ambayo hakuna duka linaloiuza.

Kuna madhara makubwa kuliko kupoteza fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, zile za kuchuja mkojo, baada ya kliniki ya kupunguza unene kuwapa vidonge vya mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao na sumu ndani yake. Hilo lilitokea Ubelgiji, penye maabara na wakaguzi. Sisi tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na bado mwanamke anayetafuta mimba aweza kununua mfuko usio na neno moja la Kiswahili. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba kuandika jina la mmea na tahadhari yake hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Na ile ejiao. Niligundua baadaye kwamba hutengenezwa kwa ngozi ya punda, na kwamba makao yake ya asili ni Dong’e, katika jimbo la Shandong, jimbo lilelile lililotuletea madaktari mwaka 1968. Husifiwa kwa kuongeza damu ya wanawake. Punda wa China walipopungua, wanunuzi walihamia kwetu. Machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga, na Kenya ikafungua yake kabla ya kupiga marufuku Februari 2020. Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya bara zima Februari 2024. Katika vijiji vya Dodoma punda hubeba maji, na bila punda madumu hurudi kichwani kwa mwanamke. Mke wangu alipolijua hili alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimehifadhi risiti.

Mtu akiniuliza leo kama aende kwa Wachina, namwambia kwanza kwamba mizizi haifungui mirija iliyoziba. Katika Afrika chini ya Sahara chanzo kikubwa cha ugumba kimekuwa maambukizi, ya zinaa na yale yanayofuata uzazi au utoaji mimba usio salama, na maambukizi hayo yanazuilika na kutibika mapema kwa gharama ndogo. Namwambia pia kwamba kupima mbegu ni kipimo cha siku moja kisicho na maumivu, na kwamba ni wazimu wa kitaifa kumtia mwanamke kwenye eksirei ya mirija kabla mumewe hajapewa kichupa. Kama mwongozo wa kliniki zetu ungesema tu kwamba faili la ugumba halifunguliwi bila majina mawili, sehemu kubwa ya biashara ile ya juu ya duka la vitenge ingekosa wateja. Nilichonunua pale kwa theluthi ya mshahara, ukiondoa mizizi, kilikuwa viti viwili na dakika 50.

Hatukurudi baada ya 2017. Bado wapo ndugu wanaompigia mke wangu simu wakiomba namba ya yule mzee, kwa kuwa wanajua tuliwahi kwenda. Yeye hawanyimi. Ila kabla ya kuitaja humuuliza mpigaji simu kama mumewe ameshapima, na akiambiwa bado, huomba azungumze na huyo mume kwanza.